Yudith Kalinga na Watoto wa Mabaharia Wasio na Kaburi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tumeanza bila muziki. Tunamkumbuka Yudith Kalinga wa Kihesa, hapa Iringa, mama aliyewalea watoto wa mabaharia. Tumemzika Jumamosi iliyopita.

Mtauliza, mabaharia na Iringa wapi na wapi? Huku kwetu ni mahindi, viazi na baridi. Lakini vijana wetu wanakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na wengine wanapanda meli. Asukile, mume wa Yudith, alikuwa mmoja wao. Mtu wa Uyole, Mbeya. Alifanya kazi kwenye injini za meli ya mizigo, na nyumbani huko Uyole alimwacha Yudith na binti yao mdogo, Eveline.

Simu ilikuja asubuhi, Yudith akimenya viazi. Meli imezama. Baadhi wameokolewa. Asukile hajaonekana. Hajaonekana. Hilo ndilo neno waliloambiwa, na ndilo walilobaki nalo.

Yudith alitaka msiba uwekwe. Baba mkwe wake, mzee Sosthenes, akakataa katakata.

"Mama Eveline, tutazika nini? Nguo? Mwanangu hajafa, kapotea tu."

Basi majirani hawakujua waje kutoa pole au wakae kimya. Wengine wakanong'ona kwamba Asukile kapata mwanamke huko ughaibuni. Eveline akayasikia hayo shuleni. Kila lori lililotoka Dar likisimama pale Uyole, mtoto alitoka mbio kutazama nani anashuka. Yudith alimfuata, akamshika mkono, akamrudisha ndani. Hakumgombeza hata mara moja.

Mwishowe akarudi kwao Kihesa, akawa fundi cherehani. Siku moja chama cha kusaidia familia za mabaharia, huko Dar, kikamtumia Eveline sare na viatu vya shule. Yudith akapiga simu kushukuru, kisha akauliza, "Huku kwetu kuna wengine?"

Walikuwepo. Wa kwanza alikuwa Regina wa Ubaruku, kule Mbarali kwenye mpunga. Mumewe, Limbu, naye alipotelea baharini. Watoto wake wakubwa walishaacha shule, wanachunga ng'ombe wa watu. Yudith akapanda basi, akaenda. Regina anasimulia:

"Nilidhani kaja kunihoji. Akavua viatu, akakaa chini na mimi, akasema, 'Mwenzangu, hata wangu hajaonekana.' Nililia mpaka jioni. Tangu habari zile zije, nilikuwa sijalia."

Toka hapo Yudith hakutulia. Alibisha hodi kwa Walutheri, akabisha kwa Wakatoliki. Ubaruku walimpa mchele, Uyole wakampa viazi. Watoto wakarudi shule. Likizo zikifika, nyumba ya Kihesa ilijaa, wote wanamwita Mama Mkubwa.

Lakini aliona sare na chakula havitoshi. Akamwendea Mchungaji Anania, akamwomba ibada ya mazishi isiyo na jeneza. Mchungaji akakubali. Siku hiyo kila mtoto alisimama akamuaga baba yake. Eveline, wakati huo yuko sekondari, akagoma.

"Mama, siwezi kumzika baba. Akirudi je?"

"Akirudi tutamfungulia mlango. Lakini leo tulie, mwanangu. Tumejizuia mno."

Eveline akaangukia mapajani mwa mama yake. Mzee Sosthenes alikuwa amekuja kutoka Uyole, amekaa nyuma kabisa. Akavua kofia, akamwita mwanawe kwa Kinyakyusa, akalia kwa sauti. Hatimaye Asukile akawa na msiba.

Wasikilizaji wapendwa, kiharusi kilimkuta Yudith mwezi huu, yuko kwenye cherehani yake. Hakusema tena. Eveline, ambaye sasa ni muuguzi, alimshika mkono mpaka mwisho.

Jioni baada ya mazishi, simu ya marehemu, iliyokuwa ikichajiwa ukutani, ikaita. Alikuwa Kulwa, mmoja wa watoto wadogo wa Regina, anayesoma bweni. Alikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Mama Mkubwa, unakuja lini?"

"Kulwa, ni mimi, dada Eveline. Mama Mkubwa ametutoka."

Mtoto akauliza, "Mmemwona?"

"Tumemwona, Kulwa. Nimemwosha mwenyewe."

"Kweli mmemwona?"

"Kweli, mdogo wangu."

Ndipo Kulwa akalia. Eveline hakuikata simu. Alisimama nayo pale ukutani, akalia naye.

Kwako Eveline, kwa mzee Sosthenes, kwa ukoo wa Kalinga, na kwenu watoto wote mliokuwa mkimwita Mama Mkubwa, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze Yudith mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize: hapo jirani kwako, hakuna mtoto anayemngoja mtu asiyerudi? Usimwambie anyamaze. Usimwambie baba yake kakimbia. Nenda, vua viatu, ukae naye.