Maneno ya Kumuaga Mzee Absalom, Ambaye Hajasema Anaondoka

Mheshimiwa Diwani, Bwana Meneja Mkuu, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, Mchungaji uliyetuombea kabla ya chakula, Mzee wetu Absalom Rading' na mkewe Mama Seline mlioketi pale mbele, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa kusokota, wa kufuma na wa kutia rangi:

Kabla sijasema neno la maana, nawaomba kwa heshima zote kwamba kila nitakalolisema libaki ndani ya kantini hii. Najua tuko wengi, na najua madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto. Hata hivyo naomba. Bwana Meneja Mkuu, wewe pia nakuomba, ikiwezekana, usisikie. Na ikishindikana, basi usimwambie Meneja wa Wafanyakazi, ambaye ndiye mkubwa wangu, na ambaye yuko Nairobi kwenye mkutano wa kutupunguza.

Kwa wasionijua, mimi ni Saumu, karani wa ofisi ya wafanyakazi, dirisha la pili. Nilipewa hotuba hii kwa sababu, kama alivyosema Mama Dorca wa kamati ya ustawi, "Wewe mtoto wa Kaloleni, Kiswahili chako kimenyooka, tena huna la kupoteza." Kwa sehemu ya kwanza namshukuru. Ya pili imeninyima usingizi, kwa maana kazi hii ndiyo ya kwanza niliyowahi kupata, na nyumbani kwetu ndiyo ya pekee.

Niliagizwa nimsifu Mzee Absalom, nimkabidhi zawadi, kisha niketi. Naanza na sifa, kwa kuwa hizo hazina ubishi.

Mzee Absalom alifika hapa mashine za kufuma zikiwa bado ndani ya masanduku, naye alikuwa miongoni mwa waliozifungua. Ni nani kati yetu asiyejua anavyoipenda nguo ya kiwanda hiki? Siku moja, pale stendi ya mabasi, alimwona mtoto wa watu amevaa sare ya shule, akamshika kola, akaisugua kwa vidole, akasema, "Hii ni yetu." Mama wa mtoto alikuwa ameanza kuita watu. Mzee akamgeuza mtoto, akamwonyesha mama pindo, na mama akaulizwa ameinunua wapi na kwa nini haipigi pasi. Mambo yakaisha kwa mama kuomba msamaha.

Tena ni mtu mpole, ingawa sauti yake si ya upole. Waliofanya kazi miaka mingi katikati ya mashine za kufuma huzungumza kama mashine bado zinaunguruma, hata wakiwa msibani. Mzee anapokuja dirishani kwangu kwa jambo la siri, huinama na kuninong'oneza, na mnong'ono huo mlinzi wa getini huusikia. Kwa hiyo nikiwasimulia leo tuliyozungumza, sidhani kama ninavunja siri ya ofisi. Ninairudia tu kwa waliokuwa shifti ya usiku.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua kwamba mpango wa kustaafu kwa hiari ulibandikwa ubaoni, kwamba anayekubali hulipwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo mmoja na kwenda zake, na kwamba mlango huo unafungwa leo king'ora cha jioni kitakapolia. Mnawajua pia wenzetu waliotangulia mwaka jana. Waliitwa kwenye semina, wakafundishwa biashara na bwana mmoja mwenye picha moja tu, ya mashine ya kusaga mahindi. Wote waliotoka upande wa Nyakach wakanunua mashine za kusaga, na wote wakazisimika soko moja, la Pap Onditi. Nimeambiwa mama akishuka pale sokoni na debe lake la mahindi husindikizwa na wenye mashine kama bibi harusi. Wengine walilima mpunga Ahero, wakavuna maji. Mmoja alinunua boti Luanda Kotieno, naye anaendelea vizuri, na ndiyo maana hatajwi sana.

Mpango ulipobandikwa, Mzee Absalom alikuja dirishani.

"Nyar Kaloleni," akaniita, maana mimi kwake ni binti wa Kaloleni, jina hanitaji. "Nikubali ama nisikubali?"

"Mzee, karani haruhusiwi kushauri."

"Anaruhusiwa kufanya nini?"

"Kupokea, Mzee."

"Basi pokea hili. Nataka likizo fupi niende nyumbani nimuulize Seline."

Likizo alipewa. Na sasa nafika kwenye kosa letu. Nasema letu, ingawa mimi sikuwapo.

Kwenye shedi ya kufuma kila mtu ana kikombe chake cha bati, kimeandikwa jina kwa rangi, kinaning'inia kwenye msumari wake. Hakuna anayenywea cha mwenzake. Anayeondoka kabisa humpa mwenzake kikombe, na siku hiyo ndipo watu huamini kwamba ameondoka, hata kama barua ilitoka zamani. Sasa, asubuhi ya kwenda likizo, Mzee alimkuta kijana Simiyu akinywa chai huku ameziba tundu la kikombe chake kwa kidole. Akamwambia, "Tumia changu." Hakuongeza neno "mpaka nirudi," kwa kuwa kwake yeye lilikuwa wazi.

Kwetu sisi lilikuwa wazi vilevile, ila upande wa pili. Kufikia saa ya chakula shedi nzima ilijua kwamba Absalom amekubali. Kufikia jioni Mama Dorca alikuwa anapitisha kofia. Mzee aliporudi kutoka nyumbani, kofia ilimkuta hapo getini, naye, kama muungwana, akatoa mchango kabla ya kuuliza. Kisha akamwona ng'ombe amefungwa kwenye mti karibu na bohari.

"Nani anaondoka?" akauliza.

"Wewe, Mzee," akajibu mlinzi.

"Aa," akasema Mzee Absalom.

Akaenda kumtafutia ng'ombe maji.

Jana alikuja tena dirishani. Nawaomba mkumbuke lile ombi langu la mwanzo.

"Nyar Kaloleni, mtu akishachinjiwa ng'ombe wa kuagwa, anaweza kurudi kazini Jumatatu?"

"Mzee, kanuni hazisemi lolote kuhusu ng'ombe."

"Sijauliza kanuni. Nimeuliza watu."

"Watu watacheka."

"Watacheka mpaka lini?"

"Mpaka apatikane mwingine wa kuchekwa."

"Hapa huyo hakawii." Nikamuuliza Mama Seline alisema nini. "Seline aliniambia, 'Pesa zikija pamoja, jamaa nao watakuja pamoja. Zikiisha wataondoka, utabaki wewe. Wewe nitakupeleka wapi? Kuku nimeshawajua, ng'ombe nimeshawajua, na binti yetu Lornah bado yuko sekondari.' Nilirudi nikiwa nimeamua kukaa."

"Basi kaa, Mzee."

"Nikae vipi? Dorca amezunguka na kofia mpaka kwa wafagizi. Ng'ombe wa watu hawezi kufa bure. Kesho baada ya chakula nitatia sahihi."

Akaondoka. Mimi nikabaki dirishani na kazi yangu ya kupokea.

Ndugu zangu, baada ya chakula ndiyo sasa. Mzee Absalom hajatia sahihi. Karatasi iko mfuko wa shati, na naona ameshaazima kalamu kwa Mchungaji. Bwana Meneja Mkuu, najua hesabu yako imeshamweka kati ya wanaoondoka, nami ndiye niliyeipiga chapa hesabu hiyo.

Simwambii Mzee akatae. Sijui. Nani hapa anajua? Nusu ya mashine zimefunikwa turubai, na pale soko la Kibuye shati la mitumba ni rahisi kuliko vifungo vyetu. Tunabishana nani aondoke kiwandani, na huenda kiwanda ndicho kinachojiandaa kutuondokea. Anayechukua pesa leo huenda kesho akaitwa mwerevu, na anayebaki akaja kusimama getini siku moja akakuta kufuli. Angekataa kwa sababu hizo au akakubali kwa sababu hizo, ningempa mkono na kuketi. Lakini mtu aache kazi aliyoifanya tangu masanduku yafunguliwe, kwa sababu tumekula nyama?

Hiari ni nini, waheshimiwa? Mimi nadhani ni pale mtu anapoweza kusema hapana, na Jumatatu akasalimiwa kama kawaida. Hiyo salamu haitoki ofisini kwetu. Iko kwenu.

Kwa hiyo nimeongea na Mama Dorca wakati wa soda. Nilimwambia ng'ombe huyu anaweza kuhesabiwa kuwa wa kumkaribisha Mzee kutoka likizo. Alinitazama, akasema, "Mtoto, hakuna mtu amewahi kuchinjiwa ng'ombe kwa kutoka likizo." Nikamwambia ndiyo maana itakuwa heshima kubwa. Akasema atafikiria. Ile toroli ya zawadi haiwezi kurudishwa dukani, kwa kuwa Simiyu ameshaipanda, basi Mzee ataipeleka nyumbani apendapo.

Simiyu, tafadhali lete kile kikombe. Kiweke hapa mezani, karibu na birika. Asante. Mnaona jina lake liko palepale. Mzee, kikombe hiki hapa, na kalamu ya Mchungaji unayo. Sisi tutatazama dirishani, upande wa ziwa, wote. Waheshimiwa, tugeuke. Bwana Meneja Mkuu, nawe pia.

Mama Seline, wewe unaruhusiwa kutazama.

Nasikia mtu anamimina chai. Mchungaji anasema amerudishiwa kalamu yake, na kwamba haijatumika. Basi tunaweza kugeuka. Shikamoo, Mzee. Tutaonana Jumatatu. Naomba asiyeweza kujizuia acheke sasa, ili tumalize.

Niliagizwa kumuaga mtu mmoja, na naona Bwana Meneja Mkuu ameanza kuandika kitu, kwa hiyo huenda kuagana kukawapo bado. Nawashukuru Mheshimiwa Diwani, wageni wetu wote, wapishi, na ninyi mlionivumilia hadi hapa. Atakayenihitaji, nitakuwa dirisha la pili kama kawaida. Asiponikuta, aje Kaloleni, apite msikiti, aulize nyumba ya Mama Kadija anayeuza mandazi. Asiulize Saumu wa kiwandani, maana mama bado hajui lolote. Aseme tu amefuata mandazi, nami nitatoka.