Pasi na Jeni ya Kukunja

Mbele ya banda la dobi kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo bunge la kahawa hukaa, na tangu liundwe halijapitisha hata mswada mmoja. Asubuhi hiyo mwenye banda, Pasi, alikuwa akipigana na shuka pana peke yake: akivuta pembe hii, ile inaburuzika vumbini. Akili yake haikuwepo. Ilikuwa hospitali, alikoitwa tangu Jumatatu kwenda kutolewa damu.

— Hebu rudia maneno ya daktari, alidai Spika, kinyozi ambaye mashine yake hupumzika lakini mdomo haupumziki.

— Kasema protini za mwilini hazifanyi kazi mpaka zikunjwe vizuri. Nyingine hazijiwezi, zinataka msaidizi. Sasa jeni inayotoa maagizo ya kumuunda huyo msaidizi, ya binti yangu ina kasoro. Ndiyo maana miguu yake haina nguvu. Wanataka damu yangu na ya mama yake, wajue kasoro imepitia wapi na wamsaidie vipi.

— Samaki mkunje angali mbichi! Spika akapiga goti. Mlisheni samaki, tena wabichi. Aliyekaangwa keshakauka, hakunjiki!

— Wewe nyoa vichwa, vya ndani waachie wenyewe, akadakia Bomba, fundi wa mabomba. Ukoo ni bomba, kutu inashuka na maji. Pasi, kwenu kuna aliyewahi kuchechemea?

— Kwetu? Babu yangu alikimbizwa na nyati, nyati akachoka!

— Basi kutu ni ya mkeo. Usiende. Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, ficha tu!

Pasi alicheka kuliko wote, lakini pembe ya shuka ikamponyoka tena.

— Tena wakikutoa damu, Spika akaongeza, na yule msaidizi anatoka nayo. Utarudi huwezi kukunja hata leso. Na shati langu je? Nitavaa makunyanzi?

Ghafla Bomba akashusha miguu, Spika akameza sentensi nzima. Mama mkwe wa Pasi alikuwa amesimama mbele yao.

— Shikamoo, mama, Pasi akasalimia.

— Marahaba, baba. Natoka hospitali. Mwanangu keshatoa damu yake. Na mjukuu wangu leo kasimama, kashika ukuta, anaulizia mlango. Mkwe, wewe unasubiri nini?

Spika akainamisha birika la kahawa, tupu.

— Naogopa, mama, Pasi alisema kwa sauti ndogo. Isije ikawa imetoka kwangu.

— Na huo ubishi uliomsimamisha, unadhani umetoka kwangu?

Mama akaokota pembe ya shuka iliyokuwa vumbini, akaikung'uta.

— Shika huko.

Mkunjo wa kwanza, wa pili, shuka likalala mraba. Pasi akaliangalia, akachomoa waya wa pasi, akafunga banda.

— Kaka! Shati langu!

— Livae na makunyanzi yake! Pasi akajibu, keshavuka barabara kuelekea hospitali, mama mkwe akimkimbilia nyuma.