Anastazia Kampire, Mama wa Ukumbi wa Mashineni

Waombolezaji wenzangu, wakubwa shikamooni. Ukoo umenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Anastazia Kampire, nami nitayasoma yote, hata yale tuliyoshauriwa jana tuyaruke.

Alizaliwa Ihanda tarehe 9 Machi 1943, binti wa mzee Gaspari, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetoka Rwanda, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaachishwa ili alee wadogo zake. Tarehe 18 Juni 1962 alifunga ndoa na Telesfori Karekezi, Mungu akawajalia watoto watano, watatu wako hai.

Mwaka 1978 wote wawili waliajiriwa katika kiwanda cha kukoboa kahawa, yeye akichambua buni, mumewe akiendesha mtambo, wakapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, mtaa tunaouita Mashineni. Telesfori alifariki kwa kifua mwaka 1984, mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, mitambo ikang'olewa, wafanyakazi wakaachwa pasipo hata kuagwa.

Ghala la kiwanda likawa la popo. Mama akakusanya wajane wenzake, wakafagia, wakaziba paa, wakaligeuza ukumbi wao, wakaanza kusuka mikeka na vikapu, kisha wakaja wachonga ngoma na maseremala, kwaya ikaja kufanyia mazoezi humo, wateja wakaja hata kutoka Murongo, na nyumba zilizokuwa magofu zikapata wapangaji.

Mtaa ulipopendeza ndipo wenye kiwanda walipojitokeza. Novemba 1993 ofisa wao mmoja alikuja na watu waliotaka kununua jengo, akawaambia akina mama kuwa ukumbi ule unataka watu wenye hadhi, wao ni wavamizi tu. Mama hakupandisha sauti.

"Mwanangu, popo walipokuwa humu, ninyi mlikuwa wapi?"

Kesho yake akina mama walikuta mlango una kufuli, mikeka yao imetupwa nje, inanyeshewa.

Tangu hapo alisukia barazani kwake, akiutazama mlango ule kila siku, hadi moyo ulipoanza kumsumbua Mei 1996, akalazwa mara kadhaa, akatutoka alfajiri ya tarehe 2 Februari 1997.

Jana wenye ukumbi walituma mtu, akatushauri tusiitaje kufuli ile, eti wangependa kuuita ukumbi kwa jina lake. Tumewajibu kwamba jina la mama halitaandikwa juu ya mlango aliofungiwa, wawarudishe kwanza wenzake ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na wasusi wenzake mliosuka mkeka aliolazwa juu yake. Walioweka kufuli hatuna la kuwashukuru.

Pumzika kwa amani, Mama, sisi uliotuacha Mashineni bado hatujapumzika.