Mjukuu wa Kura Yetu

Risala ya wananchi wa Kijiji cha Ujamaa Ilongoyi, Usangu, kwa Ndugu Edmund Lutengano, Mjumbe wa Bunge la Afrika Mashariki. Alhamisi, 12 Julai 1973.

Mgeni Rasmi, Ndugu Edmund Lutengano,

MAKARIBISHO

Sisi wakulima na wafugaji wa Ilongoyi tunafurahi kukuona kwa macho. Tulikutegemea Jumanne saa nne asubuhi. Leo ni Alhamisi saa nane, na hatulalamiki. Jumanne akina mama walifagia barabara, Jumatano upepo ukairudishia takataka zake, leo wamefagia tena. Watoto wa shule wameimba wimbo wako siku tatu, hata ng'ombe wa Mzee Maganga sasa wanaitikia. Karibu sana.

HISTORIA YA UCHAGUZI WAKO

Mgeni Rasmi, tuliposikia redioni kwamba nchi yetu inachagua wajumbe wa kwenda Arusha kwenye Bunge la nchi tatu, tulifurahi. Kupiga kura tunakujua. Asubuhi hiyo tulijipanga mbele ya shule, kadi za TANU mkononi, tukingoja kuambiwa nani ni jembe na nani ni nyumba kwenye karatasi ya kura. Jua lilifika utosini. Ndipo akaja Katibu wa Tarafa na baiskeli yake.

"Nani kawaita hapa?"

"Redio," alijibu Mzee Maganga.

"Redio imesema wanaochagua ni Wabunge, kule Dar es Salaam. Ninyi mlishamaliza mlipomchagua Mbunge."

Mama Kashindye akatoka kwenye mstari. "Tumemaliza lini, mwanangu, na mimi sijaanza?"

Katibu alitueleza kwa subira. Wananchi wanamchagua Mbunge. Wabunge wanakaa, wanawachagua wajumbe wa Arusha. Wajumbe wa Arusha wanatusemea mambo ya reli, simu, posta na mengine ya Jumuiya. Tulielewa. Yaani kura yetu ilimzaa Mbunge, na Mbunge akakuzaa wewe.

Kwa hesabu hiyo, Mgeni Rasmi, wewe ni mjukuu wetu. Kwetu Wasukuma, na kwa wenyeji wetu Wasangu vilevile, babu na mjukuu wanataniana na hakuna wa kununa. Kwa hiyo usinune. Tunaona umekuwa mkubwa, mashavu yamejaa, Arusha wanakulisha vizuri.

Basi, kwa kuwa tulikuwa tumeshajipanga, tuliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Tulipiga kura yetu wenyewe, punje za mahindi ndani ya debe, nyuma ya ubao wa darasa la tatu. Mama Kashindye alishinda. Huyo hapo, kwenye kiti cha pili, mwenye khanga ya kijani. Tangu siku ile ndiye Mjumbe wetu wa Jumuiya. Arusha hawamjui, lakini na wewe huku tulikuwa hatukujui, kwa hiyo mko sawa.

MAFANIKIO

Katika miaka hii Mama Kashindye ameshughulikia jambo moja la Jumuiya, nalo ni barua zetu. Hatuna posta. Barua zote za kijiji zinaandikwa kwa sanduku la shule, na sanduku liko Mbeya mjini. Mwalimu Mkuu hulifungua anapokwenda huko, yaani shule ikifungwa. Mama Kashindye alimwomba ufunguo, na sasa hupanda lori la ushirika linalopeleka mpunga Mbeya kila Jumanne. Huko hulala kwa shemeji yake, kisha hurudi na barua za kijiji kizima kwenye mfuko wa unga. Hajui kusoma, lakini hajapoteza hata moja.

Mafanikio yako tuliyaulizia kwa Katibu ili tuyaandike hapa. Aliahidi kutuletea.

MATATIZO

Mgeni Rasmi, mwaka jana, kabla Mama Kashindye hajapewa ufunguo, binti mmoja wa hapa, Ngolo, aliyemaliza darasa la saba, aliitwa kwenye chuo cha wauguzi mkoani Iringa. Barua ilikaa ndani ya sanduku wiki saba. Alipofika chuoni na sanduku lake la bati kichwani, kitanda chake kilikuwa na mtu. Sista alimhurumia, akamwambia aombe tena. Ameomba. Chuo kimeahidi kutuma majibu wiki ya kwanza ya Julai. Atakayeitwa aripoti Jumatatu hii, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Akikosa safari hii hawezi kuomba tena, umri wake utakuwa umepita.

Mama Kashindye alikuwa amefunga mzigo apande lori la juzi Jumanne. Akaambiwa mtu yeyote asitoke kijijini, mgeni anakuja. Akafungua mzigo, akashika ufagio. Lori lilipita. Mabasi ya Mbeya yanafika Igawa, kwenye barabara kuu, yamejaa, kondakta anatupungia mkono tu.

Hilo ndilo tatizo letu. Tulikuwa na mengine, tumeyafuta.

MAOMBI

Tunaomba Igawa pawekwe posta ndogo, hata ya dirisha moja. Ombi hili lipeleke Arusha, likae kwenye mafaili, tutalisubiri. Kusubiri tumezoea.

Ombi la pili haliwezi kusubiri. Mjukuu hutumwa na bibi yake. Tumeambiwa leo unalala Mbeya, na kesho asubuhi unapita tena Igawa kwenda Iringa. Mama Kashindye sasa anasimama kukupa zawadi yetu. Usiangalie kuku, kuku ni wa heshima tu. Angalia kamba aliyofungwa mguuni: kuna ufunguo. Namba ya sanduku imechongwa juu yake. Jumuiya umeisemea bungeni, sasa uifungue kwa mkono wako.

Kesho saa mbili tutakuwa barabarani Igawa. Hatutakuimbia. Tutakuwa na sanduku la bati, na kama barua imo, tunaomba na nafasi nyuma ya gari lako mpaka Iringa. Ngolo si mzito. Unaweza kumpima sasa hivi kwa macho, kwa sababu ndiye aliyesimama mbele yako akisoma karatasi hii.

Mungu akulinde njiani, na safari hii akuwahishe.

Ni sisi babu zako na bibi zako,
Wananchi wa Kijiji cha Ujamaa Ilongoyi.