Dawa ya Kahawia ya Seremala

Benchi lililo mbele ya kibanda cha kinyozi alilitengeneza Seremala mwenyewe, kwa mbao za kitanda cha bwana harusi mmoja aliyeghairi, na ndiyo maana ni refu kupita kiasi na imara kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Huketi watu watano wakibanana. Siku hizo za korona walikaa watatu, wakiachiana nafasi, barakoa zimeshushwa kidevuni kwa kuwa kahawa hainyweki juu ya kitambaa. Ng'ambo ya njia, hatua kama kumi, ilikuwa karakana ya Seremala: mlango umefungwa kwa mnyororo, na dirisha lenye nondo la chumba cha pembeni limeachwa wazi tangu Jumapili alipopelekwa hospitali. Sasa ilikuwa Jumanne. Nafasi yake benchini hakuna aliyeikalia.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa moja tu: imekuwaje mtu aliyekuwa akijibu salamu dirishani leo anapumulia mtungi?

— Ni upepo, alisema Breki, dereva wa lori mstaafu. Mtu ana pumu tangu utotoni, unamlaza mkabala na dirisha? Umemwingia.

— Upepo gani? alisema Profesa, fundi wa simu na redio, ambaye chuo alikiona kwa nje. Sisi tumekaa kwenye upepo huohuo na hatujakohoa. Ni vumbi la mbao. Miaka thelathini anapiga randa, vumbi limeota mle ndani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Breki akauliza mtoto gani. Profesa akasema mapafu.

Mama Birika, mwenye kahawa, aliwamiminia huku akisema heri wangemwombea kuliko kumpasua. Hawakumsikia. Breki alikwisha kuhamia kwenye mtungi. Hewa ya mtungi, alieleza, imeshindiliwa, na hewa iliyoshindiliwa huvimbisha mapafu kama tairi. Yeye ameendesha lori miaka ishirini na sita, pumzi anaijua kuliko daktari. Profesa akasema hiyo si kitu, hatari ni ile mashine inayolia ti, ti, ti. Kirusi kinaisikia, kinajua kuna mtu ndani, kinawaita wenzake.

— Cha kushukuru, alisema Breki, ni kwamba tulimwachisha ile dawa ya kahawia. Angekuwa nayo mpaka leo tungekuwa tunasema mengine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinyozi tangu asubuhi alikuwa na mkono mfukoni mwa koti lake la kazi, na mfukoni ndimo ilimokuwa hiyo dawa.

Benchi lile lina sheria yake. Hoja ikishinda, kila mtu humaliza kahawa yake na kufudikiza kikombe, mdomo chini. Vikombe vyote vikifudikizwa, kesi imekwisha, na anayeifufua huambiwa akanywe maji. Hivyo ndivyo walivyoamua mengi: nani alimroga golikipa, kwa nini mvua imechelewa, kama nyoka husikia. Hakuna aliyedhurika, maana golikipa hakuwajua wala nyoka hakuwasikia.

Seremala alipopimwa akakutwa na korona, zahanati ilimwambia ajitenge, asiache dawa zake mbili za kuvuta, ya bluu anapobanwa na ya kahawia kila asubuhi na jioni, na akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja asingoje, aende hospitali. Akahamia chumba cha karakana ili asiwaambukize wajukuu. Benchi likamtunza. Mama Birika alimwachia uji dirishani, Breki alimsomea magazeti kwa sauti ya kupigia honi, na Kinyozi alimtania kwamba akitoka na nywele zile atanyolewa kwa randa. Siku sita alikuwa anakohoa na kucheka.

Ndipo Jumatano Profesa akaleta habari kwamba ile ya kahawia inashusha kinga ya mwili. Umekamatwa na korona, halafu unamfukuza mlinzi wako mwenyewe? Ilikaa vizuri masikioni. Breki alisema mchovya asali hachovyi mara moja, dawa ya kila siku si dawa, ni mazoea. Mmoja akaongeza kwamba penye wengi haliharibiki neno, na huyo mmoja alikuwa Kinyozi. Vikombe vitatu vikafudikizwa. Mama Birika alisema zahanati haikusema hivyo, akaambiwa yeye hana kikombe, ana birika.

Kinyozi ndiye aliyevuka njia. Alisimama mbali kidogo na nondo, akamweleza Seremala uamuzi wa benchi. Seremala aliigeuzageuza ile dawa kiganjani.

— Nyinyi ndio watu wangu, alisema mwishowe. Nikiwabishia nyinyi, nitaongea na nani?

Akaizungushia karatasi ya msasa, akaiweka ukingoni mwa dirisha, akarudi nyuma ili Kinyozi aichukue bila kumkaribia.

Ijumaa aliacha kucheka. Jumamosi alijibu kwa kupunga mkono. Jumapili asubuhi Kinyozi alimsikia kutoka benchini, kifua kinapiga mluzi, na alipoulizwa hali alisema "nime", akatafuta kipande cha pili cha neno, hakukipata. Tangu hapo Kinyozi hakuwa amelala vizuri, na wembe alikuwa ameuweka chini kwa kuogopa mkono wake mwenyewe.

Breki alikuwa anamalizia kahawa, tayari kufudikiza, binti mkubwa wa Seremala alipotokea kwenye kona. Alisimama kando, barakoa imefunika uso mpaka chini ya macho, akawaamkia shikamooni. Wakaitikia, wakipandisha zao haraka.

— Baba ana dawa mbili, alisema. Ya bluu nimeiona, imekwisha. Ya kahawia siioni popote. Daktari anataka kujua kama alikuwa anaivuta.

Profesa alitazama ndani ya kikombe chake. Breki alitaka kukohoa, akajizuia. Kinyozi akatoa mkono mfukoni, na kile kifurushi cha msasa kikatoka nao. Binti akakipokea kwa mikono miwili.

— Ahsante, baba mdogo. Kumbe ulimtunzia.

Akageuka kuondoka. Kinyozi angeweza kumwacha aende, na shukrani ile ingebaki yake.

— Sikumtunzia, mwanangu, alisema. Nilimnyang'anya. Jumatano jioni. Hakuivuta tena.

Binti hakupiga kelele. Alitoa simu palepale akampigia mtu wa wodini. "Tangu Jumatano," alisema. "Hapana, haikumwishia. Aliachishwa." Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akairudisha simu mkobani taratibu.

— Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa inatuliza kifua chake. Alitakiwa aendelee nayo, korona au si korona.

— Atapona? aliuliza Mama Birika.

— Hawajui. Wamemlaza kifudifudi, hasemi.

Machozi yalimtoka Kinyozi, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa umebeba kikombe na hakukumbuka kwamba kikombe huwekwa chini. Alitaka binti amtukane. Lakini binti alimtazama yeye, akamtazama Profesa, akamtazama Breki, kama mtoto aliyeletwa kwa wakubwa zake.

— Mlijuaje? aliuliza. Kwamba ile dawa ni mbaya. Mlijuaje?

Kinyozi alimgeukia Profesa, maana yeye alimwamini Profesa. Profesa alikuwa ameipata kwa mteja aliyeleta simu iliyopasuka kioo, na mteja aliipata kwa shemeji yake, na shemeji hakuna anayemfahamu. Breki aliviamini vikombe. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

Binti alisubiri. Hakuwa anawasuta, alikuwa anauliza kweli, kwa adabu, kifurushi cha baba yake kikiwa mikononi.