Mzee Abdulnasiri na Redio Tuliyoing'oa

Bwana Abdulnasiri Mbaruku, fundi umeme wa magari, anastaafu rasmi leo tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya magari ya harusi, Sabiha, kwa miaka thelathini na minne. Alipoajiriwa, kampuni ilikuwa na magari mawili na choo cha kuazima kwa jirani. Sasa tuna karakana yenye paa, ofisi yenye kiyoyozi, na kamati ya kuaga wastaafu. Kamati hiyo imeniomba mimi, Penina wa mapokezi, niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitajitahidi.

Mzee Abdulnasiri ni mtoto wa mjini hapahapa Dodoma, mkazi wa Chang'ombe. Umeme wa magari alifundishwa na mjomba wake. Marehemu Mzee Swalihu, mwanzilishi wa kampuni, alimkuta pembeni mwa barabara akitengeneza honi ya lori, akamchukua. Tangu siku hiyo hakuna gari la Sabiha lililomwacha bibi harusi njiani kwa sababu ya umeme. Kwa sababu ya mafuta, ndiyo, limewahi, lakini hilo si la idara yake.

Ukali wake hauhitaji kuelezwa. Kuna msimamizi wa bwana harusi aliyeshushwa garini katikati ya msafara kwa kuingia na chupa ya soda iliyofunguliwa. Pia kuna jambo ambalo wageni wa makanisani hawalisahau. Ni Mwislamu wa swala tano, lakini kwa kungoja maharusi nje ya makanisa miaka yote hiyo amezijua nyimbo za ndoa zote, na kule Mvumi wanakwaya waliwahi kutoka nje kutafuta nani anawaitikia besi. Walimkuta ameinamia boneti.

Kazi iliyomjengea jina, hata hivyo, ni Pijo 504 nyeupe ya mwaka 1973, inayokodishwa kuliko gari lolote tulilonalo. Mabibi harusi wanaipenda kwa kuwa iko kama ilivyotoka kiwandani. Redio yake ilikuwa ya masafa ya kati tu, yenye vitufe vitano na taa ya manjano, na ilikuwa haishiki tena kitu zaidi ya mikwaruzo. Wateja walitaka muziki wa kwenye simu. Tukamshauri aing'oe aweke mpya, akakataa katakata. Kwake yeye, gari la zamani halitobolewi: unachokiweka, siku ukikitoa, gari libaki kama ulivyolikuta. Basi akatoa utumbo wa redio, akauhifadhi kwenye kopo la biskuti, na ndani ya ganda lilelile akapachika mtambo mdogo wa kupokea muziki wa simu. Amplifaya akaificha chini ya kiti, ameikaza kwa nati za kiti chenyewe. Spika zikalala chini ya kile kibao cha nyuma ya viti. Ukiwasha, taa ni ileile ya manjano, na bongo fleva inatoka safi kabisa.

Kule Chemba redio hiyo ilituokoa. Bwana harusi aligusa ujumbe wa sauti wa kaka yake akidhani atausikia peke yake. Gari zima, pamoja na shangazi wa bibi harusi, likasikia kwamba pilau ya ukweni imeungua na kwamba watu wa upande wa bwana harusi wale kidogo tu kwa adabu. Shangazi akataka gari lisimame. Mzee Abdulnasiri akazima redio, akasema ni kituo cha Dar es Salaam kimeingilia mawimbi, mchezo wa kuigiza huo. Shangazi akaitazama ile redio ya kizamani, akaridhika.

Mwezi Aprili kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaka godoro wala friji. Alitaka siku ya mwisho aiendeshe Pijo mwenyewe mpaka nyumbani, mkewe Bi Kuluthumu akiwa kiti cha mbele na redio ikiwa imewashwa. Bi Kuluthumu aliolewa kwa miguu, kutoka nyumba ya tatu mtaa huohuo. Habari za redio hiyo amezisikia miaka yote, ila hajawahi kuisikia yenyewe, kwa kuwa magari ya Sabiha ni ya maharusi na mumewe si mtu wa kuvunja taratibu. Ombi lilikuwa hilo tu. Halikuhitaji hata kikao.

Kamati ikakaa vikao. Mwenyekiti wake, ndugu yetu Nathanaeli wa masoko, aliona ni aibu kumsindikiza mstaafu wa miaka mingi hivyo kwa redio ya kizee. Wenzake wakaona hivyohivyo, maana hapa kwetu zawadi isiyokuwa sapraizi haihesabiwi kuwa zawadi. Wakangoja aende likizo ya kustaafu, wakaita fundi wa nje. Dashibodi ikakatwa kwa grainda ili skrini kubwa ienee. Milango yote minne ikatobolewa matundu ya spika. Uso wa redio ulivunjika vipande viwili ukichokonolewa na bisibisi, ukaenda kwenye vyuma chakavu pamoja na lile kopo la biskuti. Yule fundi simlaumu, alifanya alichoagizwa. Mtu ambaye angesema hapana ni mmoja, na ndiye aliyefichwa. Nina hasira ninapoandika haya na sioni sababu ya kuimeza.

Alhamisi iliyopita aliitwa aje aonyeshwe. Akaja na Bi Kuluthumu, aliyevaa kama anakwenda harusini. Skrini ikawaka, ikaandika HONGERA MSTAAFU kwa herufi zinazochezacheza, spika zikatikisa vioo, tukapiga makofi. Nathanaeli akauliza, "Mzee wetu, sapraizi umeionaje?"

Mzee Abdulnasiri alipitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. "Redio yangu mmeiweka wapi?"

Bi Kuluthumu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akakiachia. "Baba Sikuzani," akasema, "twende zetu nyumbani." Wakasimamisha bajaji getini, wakaondoka.

Ratiba mliyoishika inasema mstaafu atasindikizwa kwa Pijo baada ya keki. Hatasindikizwa. Jana alimpigia simu mlinzi wa geti, si kamati, akaagiza viti vyake viwili wapewe wageni wengine. Mshereheshaji ameelekezwa aseme mzee amepata dharura. Hakuna dharura yoyote. Yuko kwake Chang'ombe, mzima wa afya, na hataki kutuona.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Sabiha, asante, Mzee Abdulnasiri, kwa kila harusi uliyoifikisha salama. Mungu akupe wewe na Bi Kuluthumu umri mrefu na siku tulivu. Na tukikutana nawe barabarani tukakupa shikamoo, ukakaa kimya, hatutajidai kwamba hukusikia.