Nirudishie Shati, ya Zamani na ya Sasa

Ukivuka daraja la Mulongwe ukielekea sokoni, utaliona benchi moja lisilo na mgongo, lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Hapo ndipo Mama Generose anapouza kahawa, na hapo ndipo wazee wanne wa mtaa huhukumu dunia kila asubuhi. Gaspard wanamwita Zuzi, yaani hakimu, kwa sababu hukumu yake hutoka kwanza, ushahidi utafuata ukipenda. Firmin ni Visa, maana aliwahi kukaa Bujumbura, na tangu arudi hakuna jambo chini ya jua ambalo hakuliona kule. Venant ni Anteni. Habari zote humfikia yeye, hasa zile ambazo hazijatokea. Wa nne ni Aimé, na jina lake la benchi ni Besi, kwani ndiye mpiga gitaa la besi wa Radi ya Ziwa, bendi ya roki iliyowatoa jasho vijana wa Uvira enzi hizo, ikanyamaza miaka mingi, na mwaka huu imerudi na albamu mpya. Ijumaa hiyo Aimé alifika mapema, akasalimia nusunusu, akaomba kahawa bila sukari. Mama Generose alimtazama, kwa sababu anamjua mtu huyu na sukari.

Kilichomkaa rohoni ni simu ya alfajiri. Jean-Berchmans, mwimbaji wao, alipiga kutoka Sange, huko anakolima mpunga, siku moja kabla ya onyesho la kuizindua albamu.

— Aimé, uliza wale wa benchi. Walishasikiliza albamu wiki muzima. Wakisema sauti yangu ilikufa, minye siimbe kesho. Ntabakia na mupunga yangu, na hakuna mutu ataniona tena na mikro.

— Sasa benchi njo nini? Wale wanajua nini?

— Walibomoa lupango ya salle juu ya kuniona. Wao njo wanajua.

 Ni kweli waliubomoa ule uzio wa ukumbi wa muziki ili waingie kumwona. Zuzi ana kovu mpaka leo, na hulionyesha hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Basi akanywa kahawa yake chungu, akaweka kikombe chini, akauliza moja kwa moja:

— Haya. Mulisikiliza. Semeni.

Zuzi hakungoja.

— Imekufa.

— Nini imekufa?

— Sauti. Albamu yote. Minye nilisikiliza Nirudishie Shati, nikazima.

— Zuzi, mule ndani kuna nyimbo zingine mingi, mupya. Nirudishie Shati tuliirudilia tu juu watu waliomba. Zingine ulisikiliza?

— Ya nini? Kama ile imekufa, zile zingine zitapona na nini?

 Nirudishie Shati ndio wimbo ulioitengeneza Radi ya Ziwa. Unamhusu mtu aliyeachwa na mchumba, naye hamwombi arudi. Anaomba shati lake tu, kwa kuwa ndilo la kuendea misa. Uvira nzima inaujua, na Uvira nzima inaujua kutoka kaseti moja. Bendi ilirekodi Bujumbura, ikarudi na kaseti mama, ikampa Mzee Libérat aliyekuwa na kibanda karibu na daraja. Libérat ndiye aliyenakili kaseti zote zilizouzwa kuanzia Kalundu mpaka bondeni Ruzizi, mashine yake ikiendeshwa na batri ya gari. Baadaye mafuriko yalikichukua kibanda pamoja na kaseti mama. Zilizobaki ni nakala za watu, na ya Zuzi ilikuwa mojawapo, ameitunza kuliko kadi yake ya ubatizo.

— Kuwa mupole, Zuzi, Visa akasema. Haikufa. Ni meno.

— Meno gani?

— Jean-Berchmans alitia meno ya bandia. Kule Buja nilijua muimbaji mumoja alitia meno, pumzi ikaanza kupitia pembeni. Akiimba, weye unasikia upepo.

— Visa, Jean-Berchmans iko na meno yake yote. Jana alikula mahindi ya kuchoma mbele yangu.

— Meno ya siku hizi inakula mahindi.

Anteni alikuwa amenyamaza, na Anteni akinyamaza ujue anapanga mitambo. Akasogeza kikombe, akashusha sauti.

— Muko munapoteza wakati. Ule haiko Jean-Berchmans.

— Ni nani basi?

— Mudogo wake. Jean-Berchmans mwenyewe alishaenda Australia zamani, na familia ya bibi yake. Huku aliacha mudogo wake anafanana naye. Muulizeni mutu yeyote wa Sange.

— Venant, minye nilikuwa naye studio. Nilikula naye. Nililala naye chumba kimoja, anakoroma vile vile alikuwa anakoroma zamani.

— Ni mudogo wake, Anteni akasema kwa huruma. Koroma ni ya familia.

Aimé alimtazama mtu huyu aliyemjua tangu wakiwa na suruali fupi, akatamani kummwagia kahawa, ila kahawa ya Mama Generose haimwagwi ovyo. Kilichomchoma si upuuzi wao. Upuuzi alishauzoea. Kilichomchoma ni kwamba chini ya upuuzi wote walikuwa wanasikia jambo la kweli. Kule studio Jean-Berchmans aliitafuta ile sauti ya kaseti, ya juu, ya kukimbia, akaitafuta mpaka akakohoa na fundi akazima mashine. Vidole vya Aimé navyo vilishindwa kuufuata mwendo wa zamani. Mwishowe wakaushusha wimbo, wakaupunguzia mbio, wakaimba pale koo lilipokubali. Jean-Berchmans akasema, basi, uzee umefika, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kucheka.

— Minye nitawaambia kweli, Zuzi akarudi. Ni ziwa.

— Ziwa imefanya nini tena? Mama Generose akauliza, kwa sababu ziwa lilikwisha kuingia katika nyumba ya dada yake na yeye hapendi lisingiziwe wala litetewe.

— Zamani salle ilikuwa pale chini, mbali na maji. Muntu akiimba, sauti inaenda kupiga ku mulima, inarudi kali. Sasa maji ilipanda, salle iko ndani ya ziwa na samaki. Sauti inaenda, inaanguka mu maji. Itarudi vipi?

— Albamu tulirekodi ndani ya chumba, Zuzi. Chumba iko na magodoro ku kuta. Hakuna mulima, hakuna ziwa.

— Njo ile. Mulificha sauti isione mulima.

— Nitasema nini kwa Jean-Berchmans? Aimé akauliza. Mutu iko Sange anangoja. Kesho watu watajaa. Nimuambie meno, ao mudogo wake, ao samaki?

 Mama Generose akawaongezea kahawa bila kuombwa.

— Ngoja nikuonyeshe, Zuzi akasema kwa upole ambao si wake. Hatukuchukii. Weye mwenyewe utasikia.

Akaenda kwake, ni hapo nyuma ya benchi tu, akarudi na redio ya kaseti ameibeba kwa mikono miwili, na waya mrefu aliouchomeka kwa jirani mwenye paneli ya jua. Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mgeni, Uwimana, amebeba kifurushi cha vitenge, anangoja basi la kurudi Sange. Aliomba kahawa, akakaa pembeni kabisa, pale kwenye tofali.

Zuzi akabonyeza. Kabla ya gitaa kuanza, kaseti ina salamu ya André, mpiga ngoma wao, marehemu sasa. Anasema: "Uvira, mulishakula? Basi tuanze." Na hapa kuna desturi ambayo haina aliyeianzisha: kokote kaseti hiyo inapopigwa, iwe harusini, iwe baa, iwe kwenye matanga, watu wote huitamka salamu hiyo pamoja na André, kwa nguvu zote. Benchi nalo likatimiza wajibu.

— Uvira, mulishakula? Basi tuanze.

Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, halafu ile sauti. Ilipanda juu, nyembamba, nyepesi, ikakimbia bila kugusa chini. Aimé alifumba macho.  Sauti hii na ile ya albamu mpya hazikuwa za mtu mmoja, na tayari alijiona akipiga simu Sange kumwambia rafiki yake abaki na mpunga.

— Umesikia? Zuzi akauliza taratibu.

— Nimesikia.

Mara kaseti ikanasa, ikaanza kulia. Zuzi akaitoa haraka, akaukaza utepe kwa kalamu ya biki, akaurudisha mpaka mwanzo, akabonyeza tena. Safari hii hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga kelele. Walikuwa wanamwonea Aimé huruma, kila mmoja ametumbukiza macho katika kikombe chake. André akasema peke yake, kwa mara ya kwanza tangu kaseti hiyo iingie Mulongwe:

"Uvira, mulishakula? Basi tuanze."

Uwimana akatabasamu.

— Huyu mutoto anasema pale mwanzo, ni wa nani?

Visa akafungua kinywa kumjibu, akakifunga. Zuzi akatazama redio. Anteni akatazama mto.

— Ni mutoto wa mmoja wenu? Uwimana akauliza tena, kwa heshima, akidhani hawakusikia. Iko na sauti nzuri.

Anayesema pale mwanzo ni André, na wote walimjua. Lilikuwa jitu la mtu. Katika kwaya ya parokia alisimama nyuma peke yake na kuimba sauti ya chini, na padri alisema mabati yanatikisika. Akimwita mkewe kutoka ng'ambo ya mto, mbuzi walikimbia.

— Rudisha, Aimé akasema.

Zuzi akarudisha. Mtoto akauliza tena kama Uvira imekula.

— Rudisha tena.

— Aimé, utepe utakatika.

— Ukatike. Rudisha.

Aliposikia mara ya tatu, Aimé alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Batri ya Libérat, akasema.

— Batri gani?

— Libérat alikuwa anarekodi na batri ya gari. Batri ikichoka, mashine inarekodi inajikokota. Halafu weye unapeleka kaseti ku redio yenye nguvu, kila kitu inakimbia, kila sauti inapanda. André anakuwa mutoto. Jean-Berchmans anakuwa ndege. Kaseti zote zilitoka kwake. Uvira muzima ilisikia vile, na siye wenyewe tukasikia vile mpaka tukasahau. Haiko uzee, Zuzi. Haikuwa mbio ile, hata siku moja.

Mtu angetegemea kwamba benchi lingeomba radhi. Mtu huyo halijui benchi hili.

— Ao pengine, Anteni akasema baada ya kufikiri, wakati ule André alikuwa angali na sauti ya utoto.

— André alikuwa na ndevu mpaka hapa, Mama Generose akasema. Alikuwa na watoto. Acheni ujinga wenu.

— Kule Buja nilijua muntu na ndevu...

— Visa, nyamaza.

— Basi minye nauliza, Zuzi akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa. Kama kaseti ilikosea, ile tulikuwa tunapenda ilikuwa nini? Hii kovu ni ya nini?

— Kovu ni ya salle, Aimé akamwambia. Ku salle hakukuwa kaseti. Pale ulisikia Jean-Berchmans mwenyewe. Alikuwa anaimba vipi?

Zuzi akaligusa kovu lake. Akafikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza, akijaribu kuusikia usiku ule.  Basi la Sange likafika, Uwimana akarudisha kikombe, akaaga, akapanda na vitenge vyake bila kujua mtoto ni wa nani. Mama Generose akainamisha birika, akatikisa, akalifunika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Aimé akapiga simu, akafungua spika ili wote wasikie. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri.

— Wamesema nini?

— Jean-Berchmans, unakumbuka sauti ya André?

— Ya André? Ile ilikuwa inakimbiza mbuzi? Aimé, usinizungushe. Niambie tu, nilishajikaza.

— Sikiliza.

Akaisogeza simu kwenye redio, akamwonyesha Zuzi ishara. Zuzi akabonyeza. Mtoto wa kwenye kaseti akauliza kama Uvira imekula, akasema basi tuanze, na Zuzi akazima hapo hapo.

Kutoka kule Sange Aimé alisikia jogoo, na mtu akipita na baiskeli.

— Ule ni André? Jean-Berchmans akauliza.

— Ni André.

— Ile haiko sauti ya André.

— Hapana. Na ile inafuata haiko yako. Kule studio, fasi ile tulishusha wimbo, pale pale njo ulikuwa unaimbia tangu mwanzo.

 Aimé alidhani laini imekatika. Kisha akasikia rafiki yake anavuta makamasi.

— Sasa ile sauti nilikuwa natafuta miaka hii yote, Jean-Berchmans akasema, mpaka nikajichukia, ilikuwa ya nani?

— Ya batri.

— Nilikuwa nashindana na batri.

— Ndiyo, ndugu yangu. Na ilikuwa batri ya gari.

Kwanza kilisikika kikohozi, halafu kitu kingine, na ilimchukua Aimé muda kutambua ni kicheko, kwa kuwa alikuwa hajakisikia tangu studio. Kilikuwa kicheko cha chini, kizito, cha polepole. Zuzi akainua kichwa kutoka kwenye redio, mkono ungali juu ya kovu.

— Ngoja, akasema. Ile njo sauti nilisikia ku salle.